Nani anatia saini? Maandamano ya wanafunzi wa chuo Kenya: sheria, usalama na mambo ya geti

Kila muhula ukikaribia mitihani stori ni ileile. Hela ya HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, haijaingia, mwenye deni la karo jina lake halipo kwa orodha ya mitihani, hosteli maji yalipotea tangu juzi, alafu jioni firimbi inapigwa kwa koridoo na watu wanashuka kwenda kamukunji, ule mkutano wa wanafunzi wote. Na kwa kila kamukunji lazima kuna mmoja atapanda kiti aseme Katiba imeturuhusu, kifungu cha 37, karao hawezi kutugusa, na mwingine huko nyuma anamjibu ati bila permit ya OCS, mkuu wa kituo cha polisi, hio ni kesi. Wanaeza bishana mpaka saa sita usiku na kila mmoja ameshika nusu ya ukweli, alafu kesho asubuhi watu mia kadhaa wanatoka barabarani wakiwa na hizo nusu mbili peke yake. Wacha niifungue hii kitu polepole.

Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kusimama mahali na mabango, na kupeleka malalamishi kwa mamlaka za umma. Hapo komredi wa kiti yuko sawa. Lakini ndani ya sentensi hiyohiyo kuna maneno mawili yenye watu huruka: kwa amani, na bila silaha. Hayo si mapambo. Ukiwa na jiwe mkononi, au ile rungu ya mti wa mabango uliyoichonga kidogo mbele, wewe binafsi umeshatoka nje ya hicho kifungu. Wewe binafsi nasema, ju kosa la mmoja halimgeuzi kila mtu kuwa mhalifu. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilifafanua mwaka 2020 kwamba fujo za watu wachache haziwezi kubandikwa wale wengine waliotulia. Kwenye karatasi iko hivyo. Kwa barabara, moshi ukishaanza, hakuna askari anauliza nani alirusha na nani alikuwa anaimba tu.

Sasa twende kwa huyu wa permit. Sheria ya Utaratibu wa Umma, ile Sura ya 56, ndiyo inaongelea mikutano na maandamano ya mahali pa umma, na kwa kifungu chake cha 5 hakuna mahali imesema uombe ruhusa. Imesema utoe notisi. Unampelekea mkuu wa kituo cha polisi cha eneo hilo, yaani OCS, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Ukiwa na harusi unaambia majirani kutakuwa na kelele na magari, huwaombi wakuruhusu kuoa. Notisi ni hivyo. Inataka jina kamili la mwenye kuandaa na anwani ya mahali anakaa, tarehe, saa, na mahali au njia mtakayopita, na shughuli yote iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni.

OCS naye amefungwa mikono kuliko wengi wanavyodhani. Anaeza kuwaambia haiwezekani kama kuna watu wengine walishatoa notisi ya mahali palepale siku hiyohiyo saa ileile, na hata hapo anafaa awaambie kwa maandishi, na nyinyi mnaeza chagua siku nyingine. Kuna rejista ya hizo notisi yenye sheria inasema iwe wazi kwa umma saa za kazi, kwa hio ukiambiwa tu kwa mdomo "kuna wengine wamebook" una haki ya kuomba uione. Zaidi ya hapo polisi wana uwezo wa kusimamisha maandamano kukiwa na hatari ya wazi na ya karibu ya kuvunjika kwa amani, na hapo ndipo shimo kubwa la hii sheria liko, maana "hatari ya wazi" anaiona yeye mwenye kofia na nyinyi mtakuja kubishana naye kortini baada ya miezi.

(Wasomaji wa Dar na Kampala msibebe hizi hesabu, kwenu ni tofauti. Tanzania sheria ya polisi inataka taarifa saa 48 kabla, na Uganda ile sheria yao ya 2013 ya mikutano ya umma ilipigwa shoka na Mahakama ya Katiba mwaka 2020 kwa kile kifungu cha polisi kuzuia mikutano.)

Sasa tuje kwa kitu chenye naona ndo kiini cha shida yote na hakuna mtu hupenda kukiongelea: nani anatia saini hio notisi?

Sheria inataka jina na anwani. Tena inataka huyo mwandaaji, au mtu aliyemwakilisha, awepo mwanzo mpaka mwisho na asaidie polisi kuweka amani. Sasa jiulize ni mwanafunzi gani wa mwaka wa tatu, mtoto wa kwanza kwao, anataka jina lake liwe kwa meza ya OCS leo na kwa meza ya Dean kesho? Zamani viongozi wa chama ndio walikuwa wanabeba huo mzigo, na waliubeba vibaya sana wengine. Tito Adungosi alikuwa mwenyekiti wa SONU, chama cha wanafunzi pale Chuo Kikuu cha Nairobi, 1982, akafungwa baada ya lile jaribio la mapinduzi la Agosti, na akafia jela 1988. Wafula Buke alichaguliwa mwenyekiti 1987 na mwezi uleule wa Novemba akakamatwa, chama kikapigwa marufuku. Kwa hio huo woga una historia, si watoto wa siku hizi wamekuwa laini.

Alafu kukaja marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu, 2016. Kabla ya hapo komredi alikuwa anapiga kura moja kwa moja kuchagua rais wa wanafunzi. Baada ya hapo mnachagua wajumbe kwa idara ama vitivo, na wajumbe ndo wanachagua baraza. Serikali ilisema inapunguza fujo na siasa za pesa, na kweli kampeni za SONU zilikuwa zimefika mahali helikopta haishangazi mtu. Lakini matokeo yake ni gani? Baraza lenye komredi wa kawaida haoni kama lake, so shida ikitokea haendi kwa baraza, anaenda kwa grupu ya WhatsApp. Poster inatengenezwa na mtu hana jina, tarehe inatangazwa leo ya kesho, hakuna aliyepeleka notisi ju hakuna mwandaaji, na kwa sababu hakuna mwandaaji polisi wanafika wakiwa na kisingizio tayari mfukoni. Ile kutokuwa na kiongozi ambayo watu waliisifu sana kwa maandamano ya Gen Z ya Juni 2024, na ilikuwa na sababu nzuri maana kiongozi ananunuliwa ama anatekwa, ndani ya chuo inakuwa na gharama nyingine.

Maoni yangu ni kwamba saini itoke kwa ofisi, isitoke kwa mtu mmoja. Barua iwe ya chama cha wanafunzi ama klabu iliyosajiliwa, iwe na saini za watu watatu wanne wa vitivo tofauti, na kama mnaweza pata wakili au shirika la haki za binadamu liwekwe kwa nakala. Barua yenye majina manne na nakala tano ni ngumu kuifanya kesi ya mtu mmoja. Pelekeni nakala mbili kituoni, moja ibaki, ingine igongwe muhuri na tarehe mrudi nayo. Askari wa dawati akikataa kugonga, na huwa wanakataa, andika saa, jina lake ama namba ya huduma kwa kifua, kisha tuma barua hiyohiyo kwa imeli siku hiyohiyo ili kuwe na alama. Na mpige picha ile karatasi, kila mmoja awe nayo kwa simu yake, maana siku ya siku yule mwenye faili ndiye hukamatwa wa kwanza.

Hesabu siku vizuri pia. Mkitaka kutoka Alhamisi, kupeleka Jumatatu mchana ni kujitafutia mabishano, pelekeni Ijumaa ya wiki iliyopita mmalize.

Ndani ya geti na nje ya geti

Hapa ndo watu huchanganya zaidi. Mkiwa ndani ya kampasi mnatawaliwa na kitu kingine juu ya sheria za nchi: zile kanuni za mwenendo ulizosaini siku ya kuripoti fest year, kile kijitabu hakuna mtu husoma, ukiwa umebeba godoro na ndoo na akili iko kwa foleni ya chumba. Humo ndani kwa vyuo vingi kumeandikwa ni lini unaeza itisha mkutano, nani anaambiwa, spika inaruhusiwa wapi, na kwamba kuzuia masomo, kufunga geti au kuharibu mali ni makosa ya nidhamu yenye adhabu kuanzia onyo na faini mpaka kusimamishwa na kufukuzwa kabisa. Hizo kanuni haziwezi kufuta Katiba. Kifungu cha 24 kinasema haki ikipunguzwa lazima iwe kwa sheria na kwa kiasi kinachofaa, kwa hio kanuni inayosema "maandamano ni marufuku kabisa" mnaeza ipeleka kortini na mkawa na la kusema. Lakini kanuni inayosema msipige vuvuzela chini ya dirisha la ukumbi wa mtihani, hio hata mimi kama jaji ningeiacha.

Kwa hio mkutano wa ndani, kamukunji yenyewe, barua yake inaenda kwa Dean wa wanafunzi. Mkivuka geti mko barabara ya umma na barua ni ya OCS. Mkiwa na mpango wa kuanza ndani kisha mtoke, barua ni mbili, na sijui kwa nini hii huwa ngumu kueleweka, watu wanapeleka moja kwa Dean wanasema tumetoa taarifa.

Geti lenyewe ndo mahali pabaya zaidi. Angalia vyuo vyetu vimekaa wapi. Hosteli nyingi za UoN, yaani Chuo Kikuu cha Nairobi, ziko upande wa State House Road na madarasa ya main campus yako ng'ambo ya Uhuru Highway, na Central Police ni hapo tu karibu. KU, yaani Kenyatta University, imepakana na Thika Road. Maseno barabara ya Kisumu kwenda Busia inapita hapo. Ukitoa watu elfu moja kwa geti yenye upana wa gari mbili, mbele kuna barabara ya magari ya kasi, nyuma wenzao wanasukuma ju hawaoni mbele kuna nini, umeshatengeneza msiba kabla hata polisi hawajafika. Kufunga barabara kuu watu huona ndo ushujaa, matairi yanawashwa, lakini ukiniuliza ndo uamuzi unaoharibu maandamano mengi: dereva wa lori hana habari na HELB yako, abiria waliokwama wanawachukia, na polisi wamepata ile "hatari ya wazi" waliyokuwa wanaitafuta. Chagueni njia ya pembeni na mahali pa kufika penye mtu wa kupokea barua. Maandamano yasiyo na mtu wa kupokea barua hayana mwisho, na yasiyo na mwisho huishia kwa mawe.

Halafu kuna imani moja inafaa itolewe kwa vichwa: ati polisi hawaruhusiwi kuingia chuo. Kenya hakuna sheria kama hio. Ugiriki walikuwa nayo kwa miaka, sababu ya jeshi kuvamia wanafunzi kwa Politekiniki yao Novemba 1973, na hata wao waliiondoa 2019. Hapa kwetu, tarehe 10 Februari 1985 askari waliwavamia wanafunzi waliokuwa wamekutana kwa maombi kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na kuna aliyekufa. Septemba 28, 2017 GSU, kile kikosi cha polisi cha kutuliza fujo, waliingia chuo hichohicho wakafuata watu mpaka madarasani na hosteli, video tuliziona wote, na siku chache baadaye chuo kikafungwa. Kwa hio kukimbilia ndani ya hosteli si kukimbilia kwa usalama. Chumba cha hosteli kina mlango mmoja, na gesi ikiingia humo haitoki.

Siku yenyewe

Kwanza watu wa kuongoza msafara. Waite mamasho, waite walinzi wa amani, vyovyote, lakini wavae kitu kinaonekana, reflekta za boda zinatosha, na wawe mmoja kwa kila watu kama 30 hivi au 40. Kazi yao ni kuangalia watu wenu, kuongea na polisi waachieni mmoja au wawili waliochaguliwa. Mtu akiinama kuchukua jiwe, masho wa karibu anamwendea, na watu waliomzunguka wanakaa chini. Hii ya kukaa chini inafanya kazi ajabu, mrusha mawe anabaki amesimama peke yake anaonekana na kila mtu, na mara nyingi mtagundua hata hakuna anayemjua. Wahuni wa kukodishwa wapo, wamekuwa wengi tangu 2024, na dalili yao ni kwamba hawajui mtaa wa chuo wala hawajui kitivo chako kinaitwaje.

Tembea na mtu. Mkiwa wawili au watatu mnajuana majina mawili kamili, kila mmoja anajua nambari ya nyumbani kwa mwenzake. Namba ya wakili iandikwe kwa mkono na kalamu isiyofutika, ju simu itachukuliwa. Simu iwe na chaji, ifungwe kwa namba za siri, ile ya kidole na ya uso izime kabla hujatoka. Vaa viatu vya kufungwa, si sandals, miwani badala ya zile lenzi za macho, na kama una pumu beba inhela na umwambie mwenzako iko mfuko gani. Kwa kweli kama una pumu mbaya kaa kwa timu ya maji na simu, kazi iko nyingi huko na hakuna anayekudharau.

Kuhusu vitoza machozi kuna uongo mwingi. Maziwa hayasaidii kuliko maji, dawa ya meno chini ya macho haisaidii kitu inaongeza tu muwasho, na kujipaka mafuta mazito ndo kabisa, yanashika ile kemikali kwa ngozi. Kinachosaidia ni kutoka mahali gesi iko: angalia upepo unatoka wapi uende upande huo, panda juu kama kuna mwinuko sababu ule moshi ni mzito unakaa chini. Usisugue macho. Suuza na maji safi mengi, kutoka pua kwenda nje, pepesa pepesa, kohoa, tema. Ukifika nyumbani nguo zile zivuliwe zikae nje, uoge maji baridi kwanza, si ya moto. Ule mkebe usiushike na mkono, unachoma, na kuurudisha kwa polisi kunabadilisha kila kitu kuhusu kile kinachofuata.

Watu wakianza kukimbia, wewe usikimbie kwa geti lenye kila mtu anakimbilia. Mikono mbele ya kifua uachie mapafu nafasi, sogea pembeni kidogo kidogo ukifuata mkondo kwa mshazari, usipingane nao, na ukianguka jikunje upande, linda kichwa, inuka haraka unavyoweza. Msalaba Mwekundu Kenya nambari yao ya dharura ni 1199, iwekeni kwa simu zote kabla, na mkiweza waambieni siku moja mbele kwamba mtatoka, huwa wanaweka gari karibu.

Risasi siwezi kuongelea kama jambo la mbali. Februari 2018 Evans Njoroge, kiongozi wa wanafunzi pale Meru University of Science and Technology, alipigwa risasi akafa siku ya maandamano. Sheria ya Huduma ya Polisi ya Taifa, kwa jedwali lake la sita, inasema askari aanze na njia zisizo za nguvu, na bunduki ni ya mwisho, hasa ya kuokoa maisha kukiwa na tishio la kufa ama kuumia vibaya. Inasema pia aliyeumizwa apewe matibabu, na kifo au jeraha kubwa liripotiwe IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi. Agosti 2024 Mahakama Kuu iliamuru polisi wa maandamano wavae sare, wawe na kitambulisho kinachoonekana na wasifunike nyuso. Ukiona kofia nyeusi na jaketi za raia kwenye Subaru isiyo na namba, usibaki ukipiga video ukiwa karibu, toa watu hapo, piga ukiwa mbali.

Ukishikwa

Usipigane, usitoe matusi, piga kelele jina lako kamili na chuo ili walio karibu wasikie na warekodi. Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa kosa lako kwa lugha unaielewa, kunyamaza, kuongea na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, isipokuwa zikiisha korti ikiwa imefungwa ndo unasubiri siku ya korti inayofuata. Ndo maana kukamatwa Ijumaa jioni kunauma sana, na ndo maana mimi napendekeza maandamano ya Jumanne. Kama kosa lako adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita, hawafai kukuweka ndani kabisa. Kosa la mkusanyiko haramu kwa sheria ya adhabu ni mpaka mwaka mmoja, kwa hio hilo haliingii hapo, lakini bondi bado ni haki yako.

Hakikisha umeandikwa kwa OB, kile kitabu cha matukio cha kituo. Mtu asiyeandikwa kwa OB kituo kinaeza kusema hakijamwona, na hio tumeisikia mara nyingi mno. Walio nje kazi yao ni kuzunguka vituo na orodha ya majina kuuliza namba za OB, usiku huohuo. Taarifa ya maandishi usiandike bila wakili, utaambiwa "andika tu uende nyumbani", usiandike. Bondi ya polisi ni bure, na ukiombwa dhamana ya pesa basi kuna risiti, na hio pesa hurudi. Na kuna jambo watu hawafikirii: fest year wengine wana miaka 17, kisheria huyo ni mtoto, anafaa awekwe mbali na watu wazima na kuzuiliwa kwake kuwe ndio chaguo la mwisho. Sema umri mapema.

Kama umepigwa, hospitali kwanza, hata kama unahisi uko sawa. Omba karatasi zote za matibabu, kisha fomu ya P3, ambayo polisi wanaijaza sehemu na daktari sehemu. Malalamishi IPOA anaeza peleka mtu yeyote, si lazima wewe mwenyewe. Picha za majeraha zipigwe siku ya kwanza na ya tatu, maana alama zingine zinatokea baadaye.

Baada ya vumbi kutulia

Polisi wakimaliza nawe chuo ndo kinaanza. Barua inatoka ukiitwa mbele ya kamati ya nidhamu, DC, na watu wengi huenda hapo wakidhani kama korti imewaachilia basi yameisha. Hapana, hizo ni njia mbili tofauti, unaeza shinda moja upoteze nyingine. Lakini DC nayo ina mipaka. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Utawala ya 2015 zinataka uambiwe mapema na kwa maandishi unashtakiwa nini, upewe muda wa kujitayarisha, usikilizwe, uone ushahidi unaotumika dhidi yako, na uamuzi uje na sababu zake. "Ulionekana kwa video" si shtaka, uliza ni video gani, sekunde gani, ukifanya nini. Kata rufaa ya ndani kwanza kabla ya kukimbia Mahakama Kuu, sababu jaji atakuuliza ulimaliza njia za chuo? Na tarehe za rufaa ni fupi, soma ile barua siku unayoipata.

Kukiwa na fujo kubwa Seneti inafunga chuo na kila mtu anaambiwa atoke hosteli ndani ya masaa. Hapa ndo napata hasira kidogo, ju wa Nairobi anaenda kwao na matatu ya shilingi mia, wa Lodwar au Mandera anabaki stendi usiku na mabegi, na wasichana ndo wanalala kwa marafiki wasiowajua vizuri. Kamati ya maandamano inayojiheshimu iwe na mpango wa hilo kabla ya siku: nani ana nyumba Ngara, Juja ama Wendani anaeza kupokea watu wangapi, na mfuko mdogo wa nauli.

Na mkirudi mtakuta kila mwanafunzi ametozwa pesa ya uharibifu, aliyevunja dirisha na aliyekuwa kwao Kitale akiuguza mama wanalipa sawasawa. Hapa msilipe kimya. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na chuo cha umma kimo humo, kwa hio chama kiandike barua kiulize orodha ya vitu vilivyoharibika, bei ya kila kimoja, nani alikagua, na imegawanywa kwa watu wangapi. Andikeni mkiwa na zile picha zenu za kabla, geti, vioo, meza, zenye mamasho wanafaa kuzipiga asubuhi ya maandamano na tarehe ikionekana.